Mfupa wa Ishango na Hesabu za Mlinganyo

Mtu akishuka kutoka milima ya Butembo kwenda upande wa mashariki, hufika katika bonde kubwa lenye joto, penye Ziwa Edward. Pale mto Semliki utokapo ziwani ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Bwana Jean de Heinzelin, mtaalamu wa mawe na udongo, alichimba mahali hapo. Akaona vyusa vya mfupa vya wavuvi wa kale, na pamoja navyo mfupa mdogo wa urefu wa sentimeta 10 hivi, wenye kijiwe kigumu kilichopachikwa nchani. Juu yake imechanjwa mistari midogo midogo, nayo imepangwa kwa mafungu, katika safu tatu.

Safu moja ina mafungu ya mistari 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ukijumlisha kila moja ya hizo mbili utapata 60. Safu ya tatu ina 3 kisha 6, 4 kisha 8, 10 kisha 5, halafu 5 tena na 7. Mwanzoni Bwana de Heinzelin alidhani mfupa huo hauzidi miaka 11,000. Vipimo vilivyofanywa baadaye vyaonyesha kwamba umri wake ni kama miaka 20,000.

Wako wasemao ni kalenda ya mwezi, na wako wasemao ni hesabu hasa. Mimi naona tusiukimbilie mfupa huu kwa majivuno. Wavuvi wale hawakutuachia mlinganyo wowote, na anayedai hivyo anawapa watoto wetu fahari isiyo ya kweli. Lakini aliyechanja 3 karibu na 6, na 4 karibu na 8, yaonekana aliweka namba mbili mbili apate kuzilinganisha. Kazi hiyo ndiyo mwanzo wa jedwali.

Nayasema haya kwa sababu mtoto wa sekondari, akikutana na mlinganyo ubaoni, mara nyingi husema, “Haya ni mambo ya Wazungu.” Akisha kusema hivyo, amefunga daftari kabla hajajaribu. Basi na tuone mambo haya yalitoka wapi.

Mlinganyo ni kama mizani ya sokoni: upande huu sawa na upande ule, na ndani yake imo namba moja iliyofichwa. Huko Babeli, karibu miaka 1800 kabla ya Kristo, waandishi walikwisha kuandika maswali ya namna hii katika vibao vya udongo, pamoja na majedwali ya kuwasaidia. Halafu, karibu mwaka 820, mjini Baghdad, Mwislamu mmoja jina lake Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alitunga kitabu cha kueleza njia yenyewe. Neno aljebra latoka katika jina la kitabu hicho: al-jabr, maana yake kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Wazungu walikipata kitabu hicho katika karne ya 12 tu, kilipofasiriwa kwa Kilatini huko Hispania.

Swali lake moja lajulikana sana, nami nitalisema kwa shamba. Shamba ni mraba, pande zote sawa. Chukua eneo lake, ongeza upande mmoja mara 10, jumla ni 39. Upande ni ngapi?

Kwa jedwali twajaribu. Upande ukiwa 1, twapata 1 na 10, yaani 11. Ukiwa 2, 4 na 20, yaani 24. Ukiwa 3, 9 na 30, yaani 39. Tumepata! Lakini kama jumla ingekuwa 40? Upande wa 3 watoa 39, wa 4 watoa 56. Jedwali latuambia tu kwamba jibu limepita 3 kidogo.

Hapo ndipo al-Khwarizmi atusaidiapo. Gawa 10 nusu, ni 5. Zidisha 5 kwa 5, ni 25. Hiyo ndiyo pembe ya shamba iliyokosekana. Iunge na 39, utapata mraba mzima wa 64. Upande wake ni 8. Toa ile 5, yabaki 3. Njia hii haikwami hata jumla ikiwa 40.

Njia ya tatu ni mchoro. Katika karne ya 14 huko Ufaransa, Padri Nicole Oresme, aliyefanywa Askofu wa Lisieux mwaka 1377, alionyesha mwendo wa kitu kwa kuchora: muda katika mstari wa chini, mbio katika mistari ya kusimama. Mwaka 1637 René Descartes, aliyesomeshwa na Mapadri Wayesuiti, aliunganisha aljebra na michoro. Ukilichora swali letu, mstari wapinda kama bakuli, nao wafikia kimo cha 39 mahali pawili: kwenye 3, na tena upande wa pili wa sifuri, kwenye 13 ya kutoa. Al-Khwarizmi hakulitaja jibu hilo la pili, maana hakuna shamba lenye upande wa namna hiyo. Mchoro hauwezi kulificha.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika makumbusho. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Butembo, nacho kikaitwa Graben, yaani lile bonde ambamo mfupa ulilala.

Kwa wasomaji wapendao kujaribu: shamba mraba, ongeza upande mara 6, jumla ni 55. Upande ni ngapi? Fanyeni kwanza kwa jedwali, ndipo kwa njia ya al-Khwarizmi, na majibu yasipopatana, tazameni tena ile pembe.