Kilele na Mfuto

Gorogoro yangu ni rika moja na mvua za Elinino za 1997. Ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Rangi imebanduka na mdomo umeshika kutu, lakini kitako chake ni bapa. Hicho kitako ndicho cha kutazamwa. Ukienda soko la Ishiara, kabla ya kuuliza bei, geuza mkebe. Kitako kikigongwa kikaingia ndani, unapunjwa konzi nzima ya mahindi huku macho yako yakitazama.

Mimi historia ya chakula cha msaada huku Embu na Meru naisoma kwenye vipimo.

Cucu, yaani nyanya yangu, hakuwa na kipimo. Mto Thuci ukifurika na kumtoa mtu kwake, alijaza kiondo mtama na kunde, akatupia ukanda kwenye kipaji cha uso, akashuka bondeni. Kiondo hakikurudi kitupu. Aliyepokea alitia chochote, hata kiazi kimoja kilichookolewa matopeni. Nikamwuliza inakuwaje anachukua mali ya mtu aliyepoteza kila kitu. "Nikikataa," akasema, "nitakuwa nimemfanya ombaomba."

Mwaka 1961 nilikuwa ndiyo nimeanza shule. Ukame ulikuwa umetumaliza, kisha Oktoba mbingu zikafunguka na barabara zikageuka mito. Wakamba ng'ambo ya Tana njaa hiyo waliiita ndeke, kwa sababu ya ndege zilizodondosha magunia mahali ambapo lori halingefika. Sisi tukajua mahindi ya njano ya Marekani, ambayo wazee walisema ni chakula cha ng'ombe, wakayala. Yalipimwa kwa debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni nne. Hapo ndipo nilipoona foleni, orodha ya majina, na karani mwenye kijiti. Kila debe likijaa alipitisha kijiti mdomoni, kilele kikaporomoka. Kila mtu alipata mfuto. Cucu aliondoka amekunja uso. Kiondo chake kimejaa na hajui wa kumrudishia.

Miaka mingi nilimchukia yule karani. Siku hizi najua hesabu yake. Gunia la kilo 90 ni debe 5. Kila debe ni gorogoro 9. Jumla ni gorogoro 45. Ukimwachia kila mtu kilele, gunia linaisha kabla ya foleni, na wanaokosa ni wale wa nyuma: vikongwe, na mama aliyechelewa kwa kubeba watoto wawili.

Maji nayo yakabadilika. Kwenye Tana yakajengwa mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kiambere pekee iliwahamisha maelfu ya watu, wakiwemo Wambeere. Walihamishwa na maji, lakini hakuna aliyeyaita mafuriko, maana yalikuja na ramani. Na mabwawa hayakumaliza shida. Masinga ikipita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari inamwaga, na mito ya Mutonga na Kathita, inayotoka upande wa Meru, inaingia Tana chini ya mabwawa yote. Huko hakuna geti la kufunga. Mvua ikinyesha mlimani kwetu, anayehama ni mtu wa Garissa.

Elinino ilipokuja nilijitolea kugawa. Tulipewa mikebe, nami nikapima mfuto kutwa nzima, nikijiona mwadilifu. Jioni likabaki gunia moja ambalo hesabu haikulijua. Nikageuza mkebe: kitako kilikuwa kimegongwa. Asubuhi lile gunia halikuwepo. Tangu siku hiyo natembea na gorogoro yangu.

Mwaka 2011 Wakenya walichangiana kwa simu chini ya jina Kenyans for Kenya, nikadhani kazi ya mkebe imekwisha. Lakini pesa ya simu haipikiki pale duka limesombwa na maji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalichelewesha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei, na katika madarasa ya shule moja bondeni familia zililala juu ya madawati yaliyounganishwa. Chama chetu cha akina mama kilipeleka mahindi na ndengu. Tulipima mfuto, kijiti mkononi, hadi mtu wa mwisho. Kilichobaki tulikigawa tena, tukianzia nyuma ya foleni; hicho ndicho kilichokuwa kilele.

Tukifunga magunia, mama mmoja kijana akaazima gorogoro yangu. Akakaa sana, dereva wetu akaanza kupiga honi. Aliporudi mkebe ulikuwa na mboga ya terere, ile inayojiotea kando ya barabara baada ya mvua, ameishindilia hadi majani yamepita mdomo.

Nilikaribia kumwambia abaki na mboga yake. Nikapokea kwa mikono miwili.