Kyaghanda, nyumba ya wote

Kabla Butembo, mashariki mwa Kongo, haijawa mji, vijiji vya Wanande, au Bayira kama wengi wao wanavyojiita, vilikuwa na nyumba moja isiyokuwa mali ya mtu yeyote. Iliitwa kyaghanda. Wanaume waliijenga na kuiezeka kwa pamoja, na paa likivuja hakutafutwa mwenye nyumba, maana wenye nyumba walikuwa wote. Jioni moto uliwashwa, vyakula vilivyopikwa nyumbani vikaletwa humo na kuliwa kwa pamoja. Mgeni aliyepitia njiani alikaribishwa. Kesi za mpaka wa shamba na za mahari zilisikilizwa humo, na vijana walikaa wakisikiliza wazee.

Na pombe ilikuwepo, hasa kasiksi. Ndizi huivishwa, humenywa, kisha hukandwa pamoja na majani makavu mpaka maji yake yatoke. Maji hayo huchujwa na kumiminwa katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku moja au mbili povu limepanda na harufu imejaa ua mzima. Pombe ya namna hii haikai, kwa hiyo aliyekamua aliwaita wenzake. Waliogombana wakipatanishwa, walikunywa pamoja mbele ya watu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilifika, na Butembo ikaanza kukua. Mshahara ukaingia, baadaye bia ya chupa, na baa yenye mwenyewe, ambamo asiye na pesa hana kiti.

Hata hivyo, naamini desturi ya kuchanga haikufa; ilihamia kwenye mambo makubwa zaidi. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, aliwahimiza watu kutengeneza barabara kwa salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, bila kungoja serikali, na mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kikaanzishwa mjini Butembo.

Pigo kubwa zaidi kwa kyaghanda limetoka kwenye vita na maradhi. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni wanauawa kwa mapanga na bunduki. Ebola iliyotangazwa katika eneo hilo tarehe 1 Agosti 2018 iliua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na kwa muda huo hata kupeana mkono kulikuwa hatari. Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi. Kijiji kilichokimbia hakina pa kuwashia moto wa pamoja.

Jina lenyewe linaishi: Kyaghanda Yira ndicho chama cha jamii ya Wanande, nao hukutana hata katika miji ya mbali na Butembo. Lakini nyumba ya zamani ilikuwa hasa ya wanaume, ingawa chakula kilichowaweka pale kilipikwa na wanawake. Wanaotaka kuifufua leo wawape wanawake kiti cha mbele, na neno la kuamua.