Kompyuta kama Maktaba: Historia ya Huduma za Kompyuta katika Chuo cha Dartmouth

Katika mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani, kuna chuo kikongwe kiitwacho Dartmouth. Kilianzishwa mwaka 1769 kando ya mto Connecticut, na hata leo jina lake ni Chuo tu, wala si Chuo Kikuu, ingawa kinatoa shahada za juu kama vyuo vikuu vingine. Mahali hapo pako mbali na miji mikubwa, na wakati wa baridi theluji hulala juu ya nchi kwa miezi. Mtu atafutaye chimbuko la kompyuta itumiwayo na watu wa kawaida hangedhani kuanzia huko. Walakini huko ndiko walimu wawili wa hisabati, pamoja na wanafunzi wao, walikotia katika vitendo mnamo mwaka 1964 fikira moja iliyokuwa ya ajabu siku zile: kwamba kila mwanafunzi yampasa kuitumia kompyuta apendapo, pasipo kuomba ruhusa wala kutoa sababu, kama vile aingiavyo maktaba akatwaa kitabu.

Ili kuupima uzito wa fikira hiyo, msomaji hana budi kuikumbuka hali ya siku zile. Kompyuta ilijaza chumba kizima, na bei yake ilikuwa mali nyingi. Mwenye hesabu ya kufanyiwa hakuikaribia mashine. Aliandika maagizo yake, yakatobolewa katika kadi ngumu za karatasi, akazikabidhi kadi hizo dirishani kwa watumishi wa mashine, kisha akaenda zake. Kadi za watu wengi zilikusanywa zikapitishwa kwa zamu, fungu baada ya fungu. Jibu huenda likaja jioni, huenda likaja kesho yake. Na mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa habari ya kwamba koma moja imekosekana, basi kazi ianze upya. Utaratibu huo haukuwa upumbavu. Saa moja ya mashine ilikuwa na gharama kubwa kuliko siku nyingi za mtu, kwa hiyo ilionekana halali mtu aingoje mashine, si mashine imngoje mtu.

Wa kwanza kati ya walimu wale wawili alikuwa John Kemeny, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1926, akahamia Marekani pamoja na jamaa yake mwaka 1940. Wakati wa vita alitumika Los Alamos, mahali ilipotengenezwa bomu la atomu, katika kazi ya mahesabu; na alipokuwa akisomea shahada yake ya udaktari huko Princeton alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati. Alifika Dartmouth mwaka 1953. Wa pili, Thomas Kurtz, mtaalamu wa takwimu na mzaliwa wa jimbo la Illinois, alimfuata mwaka 1956. Chuo hakikuwa na kompyuta. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya MIT, karibu na Boston, na Kurtz alikuwa akipanda treni alfajiri, sanduku la chuma lenye kadi za wenzake mkononi, akazipeleka huko na kurudi na majibu.

Kurtz aliwahi kusimulia jambo moja la siku hizo ambalo linafaa kukumbukwa kuliko tarehe nyingi. Alikuwa na tatizo la takwimu la kutatua. Aliambiwa kwamba mtu mwenye busara huandika maagizo yake katika lugha iliyo karibu na lugha ya mashine yenyewe, kwani lugha za kumrahisishia mtu, kama Fortran iliyokuwa mpya wakati huo, hupoteza wakati wa mashine. Akafuata shauri hilo. Miezi ikapita, kiasi cha saa moja ya mashine ikaliwa, na jibu sahihi lisipatikane. Ndipo alipoandika upya kwa Fortran, na mashine ikampa majibu kwa muda wa dakika tano hivi. Shauri la wataalamu lilikuwa limepoteza wakati wa mtu na wakati wa mashine pia. Mengi yaliyofanywa Dartmouth baadaye yana mzizi wake katika dakika hizo tano.

Mwaka 1959 chuo kilipata kompyuta yake ya kwanza, LGP-30, mashine ya ukubwa wa meza ya kuandikia, yenye kumbukumbu ya maneno 4,096 tu katika ngoma ya sumaku. Mashine hiyo dhaifu ilifichua siri moja. Vijana wa shahada ya kwanza walipoachiwa nafasi nayo walifanya kazi ambazo mahali pengine zilikuwa za wahandisi wenye mishahara; waliandika hata programu ya kufasiri lugha ya Algol. Tangu hapo Kemeny na Kurtz hawakuwa na shaka juu ya uwezo wa wanafunzi wao. Shaka iliyobaki ilihusu idadi. Wanafunzi wa sayansi na uhandisi hapo chuoni walikuwa kiasi cha robo moja. Robo tatu zilizobaki zilisoma fasihi, historia, siasa na uchumi, na kati ya hao ndimo walimotarajiwa kutoka mabwana wakubwa wa makampuni na serikali. Iweje watu hao waje kutoa amri juu ya kompyuta bila ya kuigusa hata siku moja?

Njia ilioneshwa na John McCarthy, aliyewahi kufundisha Dartmouth kabla ya kwenda MIT, ambaye alimshauri Kurtz wajaribu kugawana wakati wa mashine. Maana yake ni hii. Kompyuta moja hutumikia watu wengi kwa kumpa kila mmoja sehemu ndogo ya wakati, kisha humwendea mwingine, kisha mwingine, hata inapomrudia wa kwanza yeye hajachoka kungoja, na kila mmoja hujiona kama kwamba mashine ni yake peke yake. MIT ilikuwa imekwisha kulijaribu jambo hili kwa watafiti wake. Walilotaka Dartmouth ni kuwapa wanafunzi wote, hata wale wasio na nia yoyote ya kuwa wataalamu. Shirika la taifa la Marekani la kusaidia sayansi lilitoa fedha, ingawa miongoni mwa walioombwa maoni walikuwako waliotilia shaka kwamba vijana wa shahada ya kwanza wangeweza kazi kama hiyo.

Mashine zilifika kutoka kampuni ya General Electric mapema mwaka 1964. Zilikuwa mbili: GE-225, ambayo ndiyo iliyopiga hesabu, na Datanet-30, iliyobuniwa kwa ajili ya kupokea na kupeleka habari katika waya za simu. Ile ya pili, iliyoonekana kuwa mtumwa, ndiyo iliyofanywa bwana: ilisikiliza mashine za chapa za mbali, ziitwazo teletaipu, ikapanga zamu, ikaiamrisha ile kubwa ifanye kazi ya nani na iache ya nani. Sehemu kubwa ya programu za mpango huo iliandikwa na wanafunzi, na majina ya Michael Busch na John McGeachie hutajwa kwanza. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi ya usiku, teletaipu mbili zilipewa amri kwa wakati mmoja, na zote mbili zikajibu sawasawa. Hata kufika majira ya vuli ya mwaka huo teletaipu zilikuwa zimekaribia 20.

Pamoja na mpango huo ilizaliwa lugha ya BASIC, ambayo sifa yake imeufunika mpango wenyewe, na pengine si haki. Ilianza na amri 14 tu, na maneno yake yaliteuliwa ili yasimtishe mgeni: mtu akiketi mbele ya mashine aliiamkia, na akiondoka aliiaga, kwa maneno yale yale ya nyumbani kwake. Ni busara kubwa. Hata hivyo nyumbani huko palikuwa nyumbani kwa Mwingereza na Mmarekani. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyejifunza BASIC miaka mingi baadaye alikuta maneno yale mepesi ni msamiati wa kigeni wa kukariri, kama maneno mengine ya ufundi. Wepesi wa lugha hupimwa kwa ulimi wa yule aisemaye, na jambo hili wanahistoria wa kompyuta hawalitaji mara nyingi.

Kanuni za matumizi ndizo zilizokuwa mageuzi halisi. Mwanafunzi hakutozwa senti na hakuulizwa anafanya nini. BASIC iliingizwa katika masomo ya hisabati ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka michache kiasi cha asilimia 80 ya wanafunzi walikuwa wameandika programu zao wenyewe na kuziona zikifanya kazi. Mwezi wa Desemba 1966 lilifunguliwa jengo la Kiewit, kwa fedha za Peter Kiewit, tajiri wa ujenzi aliyewahi kusoma hapo, na Kurtz akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Milango haikufungwa. Vijana walicheza michezo humo, na wakubwa hawakuwakataza; Kemeny mwenyewe aliandika programu ya mchezo wa futiboli ya Kimarekani baada ya timu ya chuo kupata ushindi mkubwa mwaka 1965. Msimamizi mwenye hasira angesema hayo ni kuchezea mali. Lakini hakuna mkutubi amfukuzaye mtu kwa kuwa amechukua hadithi badala ya kamusi.

Teletaipu ilihitaji waya wa simu tu, kwa hiyo haikulazimu iwe Hanover. Shule za sekondari na vyuo vya majimbo jirani viliunganishwa kimoja baada ya kingine, na hivyo huduma ya chuo kimoja ikageuka mtandao kabla neno hilo halijawa la kila siku. Hapo ndipo kasoro ya uwazi ule inapojitokeza. Dartmouth ilikuwa chuo cha wanaume watupu. Wanawake wa chuo cha Mount Holyoke, katika jimbo la Massachusetts, waliifikia kompyuta hiyo kwa simu, na wanawake walioajiriwa waliihudumia kila siku mle jengoni, ilhali hakuna msichana aliyeruhusiwa kujiandikisha kuwa mwanafunzi wa kutafuta shahada hapo. Lango la kompyuta lilikuwa wazi ndani ya ua uliofungwa. Ua wenyewe ulifunguliwa mwaka 1972, Kemeny akiwa sasa ndiye rais wa chuo, cheo alichokishika toka 1970 hata 1981.

Neno bure nalo lahitaji kutazamwa. Serikali ililipa, wafadhili walilipa, kampuni ilipunguza bei. Wala kampuni haikupata hasara: iliuchukua mpango uliotengenezwa Dartmouth, ikaufanya biashara ya kukodisha wakati wa kompyuta kwa watu wa mijini. Kadhalika BASIC ilitoka mikononi mwa waliyoitunga. Mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliiandika upya kwa ajili ya kompyuta ndogo iitwayo Altair, na kwa muda wa miaka michache karibu kila kompyuta ya nyumbani ikawa na BASIC yake, iliyokatwa na kupindwa ili itoshee kumbukumbu finyu. Kemeny na Kurtz hawakupendezwa. Katika miaka ya 1980 walitoa toleo waliloliita True BASIC, lakini hapo mto ulikuwa umekwisha kupasua kingo zake.

Kompyuta ndogo hizo ndizo zilizougeuza msingi wa mambo. Mwaka 1984 Dartmouth iliwashauri wanafunzi wapya wanunue Macintosh, kwa bei nafuu, na waya zikapitishwa katika mabweni hata kila kitanda kikahesabiwa tundu lake. Wengi huyataja hayo kama hatua ya mbele tu, na kwa sehemu ndivyo. Lakini katika mpango wa 1964 mashine ilikuwa ya wote, na mwana wa maskini na mwana wa tajiri waliketi mbele ya teletaipu ile ile. Katika mpango wa 1984 kila mmoja alikuja na chombo chake, alichokinunua, na mali ya pamoja ikawa ule waya. Mtu akiuliza leo kompyuta ya chuo ni ipi, hakuna cha kumwonesha, ataoneshwa mtandao.

Na waya ulileta desturi zake. Mwaka 1988 walianza kutumia BlitzMail, programu ya barua iliyoandikwa hapo hapo, na kompyuta zikawekwa katika kumbi ili mpita njia asome barua zake akisimama. Watu walizoea mpaka jina la programu likawa kitenzi katika mazungumzo yao, na simu za mabwenini zikanyamaza. Mwaka 2001 mtandao usiotumia waya ulitandazwa chuo kizima, mapema kuliko vyuo vingi vya Marekani, na barua zile zikaanza kusomwa hata chini ya miti.

Kemeny alifariki Desemba 1992. Mpango wa kugawana wakati uliendelea kuendeshwa, ingawa kwa watumiaji wachache, mpaka mwaka 1999, na mwaka uliofuata jengo la Kiewit, lililokuwa karibu na Maktaba ya Baker, likabomolewa. Mwaka 2019 jimbo la New Hampshire lilisimamisha kibao cha kumbukumbu ya BASIC kando ya barabara ya 120, na Kurtz aliishi akakiona. Alifariki Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 96.