Meditesheni: Hivi Ndivyo Ubongo na Mwili Hufanya Ukitulia

Tarehe 5 imefika, mwenye ploti Kayole anabisha mlango na hujapata doo ya keja. Moyo unadunda mbio, pumzi fupi, mikono imelowa jasho. Hiyo kengele imepigwa na amigdala, kasehemu kadogo ka ubongo kanakosaka hatari. Adrenalini inamwagika kwa damu, kisha kotisoli. Noma huanza kengele ikilia mpaka usiku: usingizi unahepa, presha inapanda.

Ukitulia na kufuata pumzi, haya ndiyo hufanyika:

Moyo: Kwa kawaida unapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi kama 6, neva ya vagasi, inayotoka kwa ubongo hadi kifuani na tumboni, inaambia moyo upunguze mwendo. Misuli inalegea.

Ubongo: Mawazo yatazurura, na hiyo si kufeli. Kila ukiyashika na kurudi kwa pumzi, unapiga zoezi sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kumakinika na kujizuia.

Usibebwe ufala: Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, 2022, haukuona umbo la ubongo likibadilika baada ya kozi ya wiki 8. Kutulia ni kwa ukweli, miujiza zii.

Jaribu hii hata kwa mat, jam ya Jogoo Road. Vuta pumzi ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, dakika 5. Macho wazi, simu mfukoni, unajua mtaa. Haitalipa keja, lakini utaongea na mwenye ploti ukiwa na kichwa poa. Stresi ikikaa wiki kadhaa, ona daktari.