Les Misérables: mwizi wa mukate, polisi, na bei ya musamaha

Wengi kati yetu tulisikia jina la Victor Hugo ku masomo, mu saa za Kifaransa. Kitabu chake kikubwa, Les Misérables, kilitoka mwaka wa 1862. Wakati ule Hugo alikuwa anaishi ku kisiwa cha Guernsey, mbali na inchi yake, juu alimupinga Napoléon III, mutawala wa Ufaransa. Ni hadisi ya watu wenye jamii imewatupa: wafungwa, wanamuke wenye kujiuza, watoto wa barabarani. Na inauliza hivi: mutu mwenye alifanya kosa na akapata azabu, anamaliza kulipa siku gani?

Mukate moja, myaka 19

Jean Valjean alikuwa anatumika kazi ya kukata matawi ya miti. Mwaka wa 1795, wakati wa baridi, kazi ilikosekana. Dada yake, mujane, alikuwa na watoto saba wenye njaa. Valjean akavunja kioo cha bulanjeri, akaiba mukate. Tribinali ikamupa myaka mitano ya kazi ya nguvu ku Toulon. Alijaribu kutoroka mara ine, na kila mara azabu ikaongezwa. Alitoka mwaka wa 1815, nyuma ya myaka 19.

Alipewa karte ya rangi ya njano, yenye kuonyesha kama ni mufungwa wa zamani. Mu muji wa Digne walimufukuza ku hoteli, hata kama alikuwa na feza ya kulipa. Kwa sheria, azabu ilikuwa imeisha. Kwa watu, ilikuwa inaanza.

Vinara vya askofu

Askofu Myriel alimupokea, akamupa chakula na kitanda. Usiku Valjean akaiba vijiko na uma vya feza. Asubui majandarme wakamurudisha. Askofu akasema kama vitu vile alimupa yeye mwenyewe, akamuongezea vinara viwili vya feza, akamuomba awe mutu wa haki.

Lakini Valjean hakubadilika palepale. Kisha kidogo alinyanganya mutoto moja kipande chake cha sous 40. Hapo ndipo alijiona, akalia, mara ya kwanza tangu myaka 19.

Baadaye akabadilisha jina, akawa Bwana Madeleine, mwenye kiwanda na meya wa Montreuil-sur-Mer. Siku moja mutu mwingine, Champmathieu, akakamatwa. Walisema yeye ndiye Valjean. Meya angeweza kunyamaza. Akaenda ku tribinali ya Arras na kujitaja mbele ya watu wote. Musamaha haukuondoa haki. Ulimufanya asikubali mwingine alipe mu fasi yake.

Tena, huruma ya mutu moja haitoshi. Mu kiwanda chake, bila yeye kujua, Fantine alifukuzwa kazi juu alikuwa na mutoto inje ya ndoa. Aliuza nywele, meno mawili, mwishoni mwili wake.

Polisi mwenye alizaliwa mu gereza

Javert, mwenye kumuwinda Valjean, hakuwa mula-rushwa. Alizaliwa mu gereza, akachagua upande wa sheria. Kosa lake ni moja: aliamini mwizi ni mwizi mpaka kufa. Mu maasi ya Paris, mwezi wa sita 1832, Valjean alipata nafasi ya kumuua, akamuachilia. Kisha Javert naye akamuacha Valjean aende. Hakuweza kuishi na jambo hilo. Akajitupa mu muto Seine.

Hugo alijua mambo haya kwa macho pia. Mwaka wa 1846, mu barabara ya Paris, aliona maskini moja anapelekwa na waaskari juu ya mukate.

Karte ya njano ni ya zamani. Lakini mutu akitoka gereza, mwenye nyumba, mwenye kazi na jirani wanaweza kumuandikia ingine kwa midomo tu. Ile hakuna tribinali yenye inaweza kuifuta; ni wao wenyewe.