Namna Besi Ilivyoingia Garini

Gari la mtumba kutoka Japani likishushwa bandarini Dar es Salaam, mara nyingi redio yake hainasi stesheni zetu nyingi. FM ya kwao kwa miaka mingi iliishia megahezi 90. Ya kwetu inafika 108. Naamini pengo hilo liliwapa mafundi redio wa barabara ya Morogoro kazi kubwa, Ubungo hadi Picha ya Ndege kule Kibaha. Mwenye gari alikuja kutafuta masafa tu, akaondoka na redio mpya. Baadaye akarudi kutaka spika, kisha amplifaya, mwishowe sabufa kwenye buti.

Daladala za watu binafsi ziliporuhusiwa mwaka 1983, burudani ya safari ilikuwa kaseti na Redio Tanzania. Radio One ikaja 1994, Clouds FM 1999, na Bongo Fleva ikataka besi ya kutikisa viti.

Lakini mziki wa gari una kikwazo cha tangu mwaka 1930, Paul Galvin alipotoa redio ya Motorola kule Chicago: betri. Leo magari madogo yana volti 12, injini ikiwaka zinafika 14 hivi. Kwa umeme huo, redio peke yake haitoi wati za kudumu zaidi ya ishirini na kidogo kwa spika ya omu 4, hata kama usoni imeandikwa wati 50 mara nne. Ndiyo maana spika nyingi za gari ni za omu 4 na si 8 kama nyingi za nyumbani: omu zikipungua, volti zilezile hupitisha umeme mwingi zaidi. Amplifaya kubwa ina saketi inayopandisha volti ndani yake.

Hapo ndipo fundi anapopimwa. Sabufa yenye koili mbili za omu 4, ukiziunga sambamba, amplifaya inakutana na omu 2. Ukiziunga mfululizo, omu 8. Amplifaya isiyohimili omu 2 itachemka, ijizime au iungue. Na wateja wengi huogopa amplifaya yenye nguvu, kumbe ile dhaifu iliyofunguliwa sauti hadi mwisho hukata mawimbi na inaweza kuchoma twita, spika ndogo ya sauti kali.

Kinachoniuma zaidi ni boksi la sabufa. Mhandisi Neville Thiele alichapisha hesabu zake za maboksi ya spika Australia mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na tangu hapo ujazo wa boksi unakokotolewa kutokana na spika yenyewe. Bado maboksi mengi hukatwa kufuata nafasi ya buti. Sabufa nzuri ikifungwa humo huvuma noti moja tu, na mwenye gari humlaumu aliyemuuzia spika.