Ushahidi wa Wazee juu ya Vita vya Maji Maji

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe huko Mohoro, Rufiji. Watawala waliandika kwamba chanzo cha vita kilikuwa uganga. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam waliwahoji wazee; hao walikumbuka pia shuruti ya kulima pamba. Mashahidi wapya walileta swali jipya.

Hata hivyo, kumbukumbu ya miaka sitini nayo yapasa kupimwa: shahidi kwa shahidi, simulizi kwa hati. Basi, mchungaji aandikaye historia ya usharika asitosheke na barua za wamisionari. Awasikilize wazee, Wakristo na Waislamu, kabla hawajazikwa pamoja na ushahidi wao.